Hofu za Mama Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba wetu pale Chanji hakuwahi kunisalimia mimi kwanza. Alianza na watoto. Ukifungua mlango asubuhi unamkuta uani, khanga mabegani na sweta la kiume juu yake, amemwinamia binti yangu Zuhura, anamuuliza, "Umelalaje? Umekohoa? Umeota nini?" Na anasubiri ajibiwe mpaka mwisho, hata kama ndoto yenyewe ni ndefu na haina kichwa wala miguu. Kisha anaingiza vidole viwili nyuma ya shingo ya mdogo wake, Idi, niliyekuwa nimembeba mgongoni, anavituliza hapo kidogo. Paji la uso hakuliamini. Alisema paji linadanganya, shingo haidanganyi. Akisharidhika ndipo ananitazama mimi.

"Haya, na wewe mama yao?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo hana homa. Mvue hiyo kofia, jua litatoka."

Tulipanga kwake miaka mingi, na katika miaka hiyo sikusikia mtu akimwita kwa jina. Wapangaji tulimwita mama mwenye nyumba, watoto walimwita bibi, na yeye aliitikia vyote viwili kwa sauti ileile ya mtu aliyekatizwa kazi.

Mimi nilifika Sumbawanga nikitokea Tabora, nimeolewa na dereva wa lori la mizigo linalokwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Mume wangu alikuwa akiondoka nabaki na watoto na cherehani yangu barazani, na hofu. Nasema hofu kwa sababu sijui neno jingine. Mtoto akilala sana naogopa, akikataa kulala naogopa. Nilikuwa naacha kushona katikati ya mshono, naingia ndani, naweka kiganja mbele ya pua ya Idi nisikie pumzi, naisikia, narudi, na kabla sijakanyaga cherehani nimeshajiuliza kama kweli niliisikia au ni upepo wa dirishani. Mama yangu alikuwa mbali, kwenye simu, akiniambia nimuachie Mungu. Mama mwenye nyumba alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, na hakuwahi kuniambia nimuachie mtu yeyote.

Kwanza lilikuwa suala la chakula. Zuhura alipoanza kukataa kula nilichanganyikiwa. Kliniki walinikunjia uso kwa sababu ya uzito wake, nikarudi nyumbani nimeamua: nikamlaza mapajani, nikamshika mikono, nikawa namnywesha uji kwa nguvu huku naye analia na kutapika. Mama mwenye nyumba alisikia, akaja, akanipokonya bakuli bila hodi.

"Unashindilia gunia?"

"Mama, hali kabisa. Atakufa."

"Hafi. Nenda kashone."

Akamkalisha mtoto kwenye mkeka, akaenda kujimiminia uji wake wa ulezi wenye karanga, akakaa pembeni yake, akaanza kunywa kwa sauti kubwa bila kumtazama wala kumkaribisha. Mimi nakanyaga cherehani, jicho moja huko.

"Bibi, unakunywa nini?" Zuhura akauliza.

"Changu."

"Nionjeshe."

"Kidogo tu, kisha uondoke. Na mimi nina njaa."

Akaonja, akaonja tena, akashika bakuli kwa mikono miwili. Toka siku hiyo sikumshika tena mtoto mikono ili ale. Naweka chakula, nakaa naye, nakula changu. Siku nyingine anakula, siku nyingine hali, na mimi nameza hofu yangu pamoja na tonge.

Lakini sasa umwone huyohuyo na mwanawe. Alikuwa na binti, kitinda mimba wake, mwalimu wa shule ya msingi kule Kate, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya kuamrisha darasa. Alikuwa anakuja mwisho wa juma kumtazama mama yake. Akikaa tu mezani, mama mwenye nyumba anasimama nyuma yake na mwiko.

"Umekonda."

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hicho ulichokula hata kifaranga angedai kingine. Lete sahani."

Binti ananitazama, tunacheka kimyakimya, na ugali unaongezwa. Siku moja nilijipa moyo nikamwambia, "Mama, si ulisema tusishindilie?" Akanijibu bila aibu hata kidogo, "Nilisema kwa wako."

Lingine lilikuwa la baridi. Mtu wa Tabora hajui baridi. Kipupwe cha kwanza upepo wa Ufipa uliponipiga, nilifunga madirisha, nikaziba chini ya mlango kwa matambara, nikaingiza jiko la mkaa ndani watoto wapate joto. Ilikuwa jioni, ndio kwanza tumemaliza kula. Mlango ukasukumwa. Mama mwenye nyumba akaingia, akafunga pindo la khanga mkononi, akalinyanyua jiko lile na moto wake, akalitoa nje, akalimwagia mchanga. Mkaa wangu mzuri kabisa.

"Mama, watoto wanatetemeka!"

"Anayetetemeka yu hai," akasema. "Fungua dirisha."

Nilikasirika. Nilimwona mtu wa kuingilia nyumba za watu. Kesho yake akaniletea blanketi zito lenye harufu ya kabati, akaniambia nilale na wote wawili kitanda kimoja, mimi katikati. Na kila jioni ya kipupwe, mwaka hadi mwaka, alipita kwenye milango yetu akinusa. Wapangaji wapya walimshangaa. Wengine walinong'ona kwamba bibi huyu ana lake jambo. Kichwani mwake mlikuwa na moshi wa mkaa tu, unaoua watu usingizini, hakuna jambo jingine.

Kupiga watoto hakutaka kusikia. Akisikia fimbo kwenye chumba chochote anagonga ukuta kwa ngumi. Lakini kwa kufoka, mtaa mzima ulimjua. Alifokea kuku, alifokea mvua, alifokea bodaboda waliopita kasi mbele ya geti, akiwaita watoto wa watu wasiolelewa. Na Zuhura alipojifunza kumfokea paka kwa maneno yaleyale na lafudhi ileile ya Kifipa, bibi alinijia amekunja uso: "Huyu mtoto kajifunza wapi kupayuka?"

Kilichonichosha zaidi, na kilichonifariji zaidi, ni hiki: alikuwa na hofu kuliko mimi. Nilichelewa kukitambua. Alinipa ushauri kwa sauti ya mtu asiyeyumba, nikadhani ndani yake kumetulia. "Usikimbilie kila kilio," aliniambia, "sikiliza kwanza ni kilio gani. Cha njaa kinapanda, cha usingizi kinashuka, cha maumivu hakina ngazi." Nikajifunza, na kweli vinatofautiana. Aliniambia pia mtoto aachwe acheze kwenye tope, aanguke, aamke mwenyewe. Lakini Ijumaa binti yake akichelewa kufika kutoka Kate, utamwona anaufagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Anafagia mpaka getini, anatoka, anatazama barabara, anarudi, anafagia tena. Simu ameishika juu kama anayeomba mtandao ushuke kutoka mbinguni. Ukimwambia, "Mama, gari limeharibika tu njiani," anakujibu, "Najua," na anaendelea kufagia. Binti akishuka kwenye bodaboda, ufagio unatupwa, na maneno ya kwanza ni ya kugomba: "Kwa nini hukupiga simu?"

Sasa niseme la shimo.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja cha mtu aliyefyatua matofali wakati wa kiangazi. Alipomaliza aliliacha shimo wazi, na mvua zilipoanza likajaa. Maji yake yalikuwa mekundu mazito, ukitia kidole hukioni. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwambia mwenye kiwanja alifukie, naye akasema sawa mama, na hakufanya kitu.

Mchana mmoja mvua ilikuwa imekatika, mimi nashona sare za shule barazani, Zuhura anapanga vizibo vya soda mlangoni. Idi akaamka analia. Nikaingia kumnyonyesha. Sikukaa sana, au labda nilikaa; mpaka leo sijui. Nilipotoka vizibo vilikuwepo, Zuhura hayupo.

Niliita. Nikachungulia vyumba vya wenzangu, hakuna. Nikaanza kukimbilia dukani, kwa sababu alipenda biskuti za pale. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni, mikono yote unga wa ulezi.

"Nini?"

"Simwoni Zuhura!"

"Unakwenda wapi?"

"Dukani!"

"Maji kwanza!" Alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia. "Akiwa dukani atakungoja. Akiwa kwenye maji hakungoji!"

Alifunua pipa la maji uani, akatia mkono mpaka begani. Akachungulia karo la maji machafu. Kisha akatoka kwa nyuma mbio, yule mama aliyekuwa akilalamikia magoti kila akiinuka kigodani, na mimi nyuma yake na Idi kifuani, titi liko nje, sikumbuki hata kama niliona aibu.

Kando ya shimo nyayo ndogo zilijaa tele. Zilikuwa za watoto wote wa mtaa, hazikunionyesha kitu. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Mpaka sasa nikiota vibaya naota maji yaliyotulia vile.

Nilitaka kuingia. Akanisukuma. "Wewe baki na huyo! Baki hapohapo!" Akaingia na nguo zake. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani. Alikuwa anatembea taratibu akipapasa chini kwa miguu, mikono ameitandaza chini ya maji, na anasema maneno ya Kifipa mfululizo, sauti ya chini, sijui kama alikuwa anasali au anamwita mtoto. Mara akasimama. Akainama mpaka kidevu kikagusa maji, akashika kitu, akakivuta. Kilikuwa kizito. Kilipojitokeza kina rangi ya udongo na kimejikunja, nilipiga ukelele hata Idi akaacha kulia akanishangaa.

Lilikuwa gunia bovu lililojaa tope.

Akalitupa kando, akaendelea kupapasa. Hakunitazama hata mara moja.

Ndipo akaja mbio mpangaji mwenzetu, yule mama anayeuza mitumba sokoni, anapiga kelele toka mbali: "Yupo! Mama Zuhura, yupo! Kalala stoo!"

Mtoto alikuwa amemfuata kuku na vifaranga wake mpaka kwenye stoo ya mahindi ya mama mwenye nyumba, akajipenyeza katikati ya magunia, kukawa na joto, akalala. Tulimwita wote, naye usingizi umemchukua.

Nilikaa chini palepale. Lakini mama mwenye nyumba alishindwa kutoka shimoni. Aliposikia yupo, miguu ilimwishia. Tulimvuta watu wawili, akaketi kwenye tope, maji yanamtiririka. "Mleteni nimwone," akasema. Zuhura akaletwa, macho mekundu kwa usingizi, pumba kwenye nywele. Akamtazama bibi yake toka kichwani mpaka miguuni.

"Bibi, umeoga na nguo?"

Mama mwenye nyumba alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo, bila kituo. Mimi nikainua mkono nimchape mtoto. Sijui ulitoka wapi mkono ule. Akanidaka kifundo, kwa nguvu ya ajabu.

"Unampiga kwa kosa gani? La kulala?"

Kesho yake, na kikohozi chake, alikwenda kwa mwenye kiwanja. Nilimfuata. Yule bwana akasema, "Mama, mvua zikiisha nitafukia."

"Mvua zikiisha, na watoto watakuwa wameisha?"

Bwana akacheka. Mama mwenye nyumba hakubishana. Alirudi, akatukusanya wanawake wa uani, tukakata miti na miiba, tukazungushia shimo. Kisha akachukua kigoda chake, mwavuli na ungo wa maharage, akaenda kukaa ukingoni. Alikaa huko kila siku akichambua maharage. Anayepita akimuuliza, "Mama, vipi hapa?" anamjibu kwa adabu zote kwamba analinda shimo la fulani, na anamtaja kwa jina, na jina la baba yake, na la mtaa anaokaa. Chanji yote ikajua. Paroko akajua. Duka la vifaa vya ujenzi anakokopa saruji yule bwana wakajua. Kabla ya juma kuisha yule bwana alikuja na vijana na makoleo, amenuna, wakafukia. Mama mwenye nyumba alisimamia mpaka mwisho, akakanyagakanyaga udongo kwa miguu yake, akabeba kigoda akaondoka.

Baada ya hapo maneno yakawa mengi uani. Watu walisema yule mama alifiwa na mtoto majini zamani, ndiyo maana. Wengine wakasema aliyezama ni ndugu yake. Mimi nilikwisha kuamini. Siku moja tunachambua mboga pamoja nikamuuliza, kwa upole, kama aliwahi kupoteza mtoto kwenye maji.

Aliacha kuchambua. "Nani kakwambia?"

"Wanasema tu, mama."

"Watu wa hapa kila hofu wanaitafutia kaburi." Alikasirika kweli. "Sijazika mtoto. Nimezaa watano, wote wazima, wako huko wanakula. Ndiyo maana naogopa. Aliyezika anajua inavyokuwa. Mimi sijui, na sitaki kujua."

Akarudi kwenye mboga. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti nyingine, "Na wewe usidhani hofu itakwisha. Mimi nilidhani wakianza kutembea itakwisha. Nikadhani wakimaliza shule. Unaizoea tu, kama unavyozoea upepo wa huku." Nilisubiri aniambie kitu cha kunifariji. Hakuniambia. Na kwa namna nisiyoweza kuieleza, nilirudi chumbani nimepumua.

Tulihama kwake mume wangu alipopata nyumba upande mwingine wa mji, karibu na gereji wanakolaza malori. Mwanzoni nilikuwa namtembelea kila Jumapili, kisha mara mojamoja, kisha sikukuu hadi sikukuu. Ndivyo inavyokuwa ukiwa na watoto.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa kirefu ilikuwa hospitali. Idi alikuwa ameanguka akachanika kidevu, tumeshashonwa, tunatoka. Tukapita kwenye ujia wa wodi ya wazazi, nikaona kwenye benchi mama mmoja mdogo wa umbo, amekaa peke yake, kapu la nguo miguuni, rozari imezungushwa mkononi. Nilimpita. Ndipo nikarudi.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Aliniangalia, akamwangalia Idi na bandeji yake kidevuni, na hakuuliza amefanya nini. Nilijua hapo kwamba pana jambo.

"Wamemwingiza," akasema.

"Nani, mama?"

"Mwalimu wangu. Mtoto kakaa vibaya. Wamesema wanampasua."

Binti yake wa Kate. Alikuwa ameolewa amechelewa, akakaa muda mrefu bila mtoto, na mimba hii ilikuwa ya kwanza. Mume wake alikuwa njiani anakuja.

"Muda mrefu?"

"Sijui. Toka wameingia sijatazama saa. Naiogopa."

Nikakaa. Nilitafuta la kumwambia. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa na neno kwa kila kitu, la homa, la kilio, la uji, la jiko, na sasa ananitazama mimi, na mimi sina. "Nifanye nini, mama?"

"Kaa. Nisemeshe. Usinyamaze tu."

Basi nikasema. Nilimweleza Zuhura anavyosoma, jino lililotoka, mwalimu anayelalamika kwamba anaongea sana. Nilimweleza zipu zilivyokuwa mbovu siku hizi. Nilimweleza habari za mpakani, foleni ya malori, mambo ambayo hata mimi hayanihusu. Aliitikia, "Ee. Ee," macho yako mlangoni. Nikiishiwa, ananigusa goti niendelee.

Katikati akasema, "Wewe omba kwa namna yenu. Mimi nimeomba kwa namna yetu mpaka nimechanganya mafumbo ya rozari."

Nikaomba. Idi akalala kwenye paja langu.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akaita jina la binti, akauliza ndugu zake wako wapi. Mama mwenye nyumba akashika ukingo wa benchi ainuke, magoti yakakataa. Akakaa tena.

"Nenda wewe," akaniambia. "Mimi siwezi kusikia."

Nilimlaza Idi kwenye benchi, nikaenda. Muuguzi alikuwa na mtoto mikononi, mwekundu, anapiga kelele za kutosha. Akanionyesha haraka, akaniomba khanga safi, akarudi ndani. Nikageuka, mwili mzima wepesi, karibu nikimbie.

"Mama, hongera! Mjukuu wa kike! Mzima, analia huyo, humsikii?"

Alinitazama kama mtu aliyejibiwa swali la mwingine.

"Mtoto je?"

"Ndiye huyo, mama. Mzima kabisa."

"Mtoto wangu mimi."

Sikuwa nimeuliza. Furaha yote ilinitoka. Nikarudi mlangoni, nikagonga, hakuna aliyefungua, nikagonga tena kwa kiganja. Yule muuguzi akatoa kichwa, amekereka.

"Dada, na mama yake? Mama wa mtoto?"

"Yupo. Wanamalizia kumshona. Anaongea." Kisha akalegeza uso kidogo. "Anamuulizia mama yake."

Niligeuka nipaze sauti, nikakuta haina haja. Alikuwa nyuma yangu. Sijui alifikaje, amejishikiza ukutani, khanga imemdondoka, kapu amelikumbatia.

"Anakuulizia, mama," nikamwambia.

Hakucheka wala hakulia. Alimpita muuguzi kwa macho, akatazama kule ndani kusikoonekana kitu, akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiwafokea nayo bodaboda wote wa Chanji, ili isikike mpaka huko alikolazwa:

"Mwambieni nipo! Nipo hapa mlangoni, siendi popote!"